Mcheza Kwao Hutunzwa: Mpira wa Magongo na Maana ya Timu ya Taifa

Wahenga wetu walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Asili ya methali hii ni ngomani. Mchezaji anapoingia uwanjani na kucheza vema, watu wake huinuka mmoja mmoja, wakamwendea na kumtunza: huyu kwa fedha, huyu kwa leso, huyu kwa kigelegele. Wageni waliosimama pembeni hutazama, na huenda wakapendezwa; lakini mkono wa kutunza hautoki kwao. Methali yaonekana nyepesi, na watu huitumia kila siku kuwahimiza vijana wasiache vya nyumbani wakafuata vya mbali. Lakini ndani yake mna swali ambalo halikujibiwa, nalo ni hili: kwao mtu ni wapi? Ni pale alipozaliwa, au pale walipozaliwa babu zake? Ni pale anapolipa kodi, au pale jina lake linapotamkwa bila ya ulimi kujikwaa? Na yule anayecheza vema mahali anapopaita kwao, kisha asitunzwe na mtu, tuseme alicheza kwao au alicheza ugenini?

Nataka kulitazama swali hili kwa njia ya jambo ambalo wanazuoni wa lugha na historia hawana desturi ya kulishughulikia, yaani mpira wa magongo, ambao wengi huuita hoki. Sisemi juu ya mchezo wa jina hilo unaochezwa juu ya barafu katika nchi za baridi. Nasema juu ya ule wa uwanjani: watu 11 kila upande, kila mmoja na gongo lililopindika ncha, na mpira mdogo mgumu uendao kasi kama jiwe la teo. Ni mchezo nilioupenda tangu ujana wangu, na kila mpenzi wa mchezo hudai kwamba mchezo wake umebeba maana kubwa kuliko mingine. Msomaji na anisamehe dai hilo. Hata hivyo naamini kwamba hapana mchezo mwingine uliodhihirisha wazi kama huu ugumu uliomo katika maneno mawili tunayoyatamka kwa urahisi mno: timu yetu.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu mzizi wa habari hii hauko Afrika Mashariki. Mpira wa magongo wa siku hizi ulipewa sheria zake Uingereza katika karne ya 19, nao ukachukuliwa na askari na walimu mpaka Bara Hindi. Huko wanafunzi wakawashinda walimu. Mwaka 1928, katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, timu ya India ilitwaa medali ya dhahabu chini ya bendera ya dola iliyoitawala. Ikatwaa tena Los Angeles mwaka 1932, ambako iliifunga Marekani mabao 24 kwa 1. Mwaka 1936 huko Berlin iliifunga Ujerumani mabao 8 kwa 1 katika mchezo wa mwisho, ikiongozwa na Dhyan Chand, ambaye wajuzi wengi humhesabu kuwa mchezaji mkuu kupita wote. Katika Michezo hiyo mitatu Uingereza haikupeleka timu ya magongo. Wako wasemao kwamba mtawala hakutaka kuonekana akifungwa na mtawaliwa mbele ya macho ya dunia. Iwe hivyo au isiwe hivyo, timu hizo mbili zilikutana katika fainali mwaka 1948 mjini London, mwaka mmoja baada ya India kupata uhuru, na India ikashinda kwa mabao 4 kwa bila. Siku ile timu ya taifa ilikuwa na maana isiyohitaji mkalimani. Mtunzaji alijua anamtunza nani na kwa nini.

Lakini uhuru ule ulikuja na mgawanyiko. Bara Hindi lilikatwa mwaka 1947 likawa nchi mbili, na jimbo la Punjab, ambalo ndilo shamba lililootesha wachezaji wengi wa magongo, likapasuliwa katikati. Mfano mmoja watosha. Ali Iqtidar Shah Dara aliichezea India mwaka 1936 akapata dhahabu. Mwaka 1948 alikuwa nahodha wa Pakistan. Ni mtu yule yule, na gongo mkononi mwake ni lile lile. Nchi ndiyo iliyogeuka chini ya miguu yake. Tangu hapo ndugu wawili hao walishindana vikali kuliko maadui. India ilishinda fainali ya mwaka 1956 kwa bao 1 kwa bila. Pakistan ikashinda ile ya Roma mwaka 1960 kwa bao 1 kwa bila. India ikalipiza Tokyo mwaka 1964, tena kwa bao 1 kwa bila. Kila bao lilihesabiwa kama ushahidi katika kesi ambayo mpira hauwezi kuiamua.

Katika jimbo hilo la Punjab, karibu na mji wa Jalandhar, kiko kijiji kiitwacho Sansarpur. Ni kijiji kidogo, lakini wapenzi wa magongo hulitaja jina lake kwa heshima. Hapo ndipo alipozaliwa Ajitpal Singh, aliyeiongoza India kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1975. Lakini ajabu ya Sansarpur si kwamba kilitoa wachezaji wengi wa Olimpiki. Ajabu yake ni kwamba watu wa asili ya kijiji hicho, tena wengi wao wa ukoo mmoja wa Kular, walicheza Olimpiki wakivaa jezi za mataifa matatu: India, Kanada, na Kenya. Hapo ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwetu.

Msomaji anajua jinsi Wahindi walivyozidi kuwa wengi katika bara la Afrika Mashariki. Kwenye pwani walikuwapo tangu zama za majahazi; lakini reli iliyojengwa kutoka Mombasa mpaka Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901 ililetewa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na wengi wa hao walitoka Punjab. Walio wengi walirudi kwao, na baadhi walikufa. Waliobaki wakafuatwa na wengine waliokuja kwa hiari yao: maseremala, waashi, mafundi wa chuma, askari polisi, wenye maduka. Miongoni mwao walikuwamo Masingasinga, ambao Mswahili wa Kenya huwaita Makalasinga. Kutoka Goa, iliyokuwa koloni la Wareno mpaka mwaka 1961, wakaja Wagoa, wakawa makarani, washoni, wapishi, na baadaye walimu na wanasheria. Jamii hizi mbili hazikufanana kwa dini, wala kwa lugha, wala kwa chakula. Zilifanana katika jambo moja: jioni, kazi ikiisha, zilishika magongo.

Hivyo katika Nairobi ya zama za ukoloni kulikuwa na Sikh Union, kulikuwa na vilabu vya Wagoa, na kila jamii ilikuwa na kiwanja chake na ukuta wake. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi katika makazi, katika hospitali na katika shule. Katika shule za Wahindi mtoto alipewa gongo; katika shule za Waafrika mtoto alipewa mpira wa miguu, au akaambiwa apige mbio. Haikuwa tabia ya damu. Ilikuwa bajeti, na kiwanja, na mwalimu. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mpaka leo wako watu wasemao kwamba magongo ni mchezo wa Wahindi na mbio ni mchezo wa Waafrika, kana kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyeandika mtaala wa shule za Kenya.

Kenya ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956, mjini Melbourne, ikiwa bado koloni. Timu yake ya magongo ilikuwa ya Masingasinga na Wagoa pamoja na Wazungu wachache, ikamaliza ya 10. Mwaka 1960 huko Roma ilifika robo-fainali, ikafungwa na Uingereza mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza, na ikamaliza ya 7. Mwaka 1964 huko Tokyo, ikiwa sasa nchi huru yenye bendera yake, ilimaliza ya 6 katika dunia nzima. Fikiri, ewe msomaji, juu ya nambari hiyo. Nchi isiyotimiza mwaka mmoja wa uhuru ilisimama ya sita katika mchezo wa timu. Majina yaliyoifikisha hapo ni kama ya Avtar Singh Sohal, aliyekuwa nahodha, Surjeet Singh Panesar, Alu Mendonca, Hilary Fernandes. Sohal na Panesar walicheza Olimpiki nne mfululizo, tangu 1960 mpaka 1972.

Lakini katika Michezo ile ile ya Tokyo Wilson Kiprugut alipata medali ya shaba katika mbio za mita 800, medali ya kwanza ya Kenya. Yeye akaingia katika vitabu vya watoto, na ndivyo ilivyostahili. Timu ya magongo haikuingia. Mtu atasema: medali ni medali, na nafasi ya sita si kitu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini ngoja tuone kilichofuata, maana hoja ya medali haitatutosha.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wakati huo Wahindi wake walizidi 170,000. Katiba ilimfanya raia moja kwa moja yule aliyezaliwa Kenya ambaye mmoja wa wazazi wake pia alizaliwa Kenya. Wengine walipewa miaka miwili waombe wenyewe. Wapo walioomba mara moja. Wapo waliosita, wakiwa na pasi ya Uingereza mfukoni na hofu moyoni. Wapo walioomba wakangoja jibu muda mrefu. Mwaka 1967 zikaja sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, zilizombana asiye raia katika kazi na katika duka. Mapema mwaka 1968 Uingereza, kwa kuogopa wingi wa wanaokuja, ilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia wenye pasi zake wasiokuwa na asili ya Uingereza, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Machi. Watu walijazana katika viwanja vya ndege kuiwahi tarehe hiyo. Hata kufikia hesabu ya watu ya mwaka 1969, Wahindi wa Kenya walikuwa wamepungua mpaka takriban 139,000.

Katika mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo wa 1968, timu ya magongo ya Kenya ilisimama uwanjani Mexico, ikamaliza ya 8. Wachezaji wake walikuwa wamevaa jezi ya taifa ambalo, katika mwaka ule, lilikuwa likiuliza kwa sauti kama watu wa aina yao ni wake. Sijui fumbo kubwa kuliko hilo katika historia yetu ya michezo. Mezani kwa karani wa uhamiaji mtu ni mgeni mpaka athibitishe vinginevyo. Uwanjani huyo huyo ndiye nchi yenyewe.

Kisha ukaja mwaka 1971. Kombe la Dunia la kwanza la magongo la wanaume lilikusudiwa kufanywa Pakistan, lakini ugomvi wa Pakistan na India ulizuia, likahamishiwa Barcelona, Hispania, mwezi wa Oktoba. Timu 10 zilishindana. Zilizofika nusu-fainali zilikuwa nne: Pakistan, India, Hispania, na Kenya. Pakistan iliifunga India mabao 2 kwa 1. Hispania, ikicheza nyumbani, iliifunga Kenya kwa bao 1 kwa bila. Katika kugombea nafasi ya tatu Kenya ilikutana na India, na mpaka muda wa kawaida ulipokwisha hakuna aliyemshinda mwenzake. India ilipata ushindi wa mabao 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Kenya ikawa ya nne duniani. Nyuma yake zilibaki Ujerumani Magharibi, iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka uliofuata, Uholanzi, iliyotwaa Kombe la Dunia la mwaka 1973, na Australia.

Jambo la nusu-fainali zile lataka kutafakariwa. Timu tatu kati ya nne zilikuwa na damu ya Punjab. Pakistan na India, ambazo hazikupita miezi miwili kabla ya kuingia vitani mwezi wa Desemba, na Kenya, zilikuwa matawi matatu ya mti mmoja, yakipigana kwa magongo chini ya bendera tatu. Aliyetazama kwa jicho la ukoo aliona jamaa wakishindana. Aliyetazama kwa jicho la sheria aliona mataifa matatu. Nani aliona vema? Nadhani wote wawili, na hapo ndipo penye somo. Taifa halimtaki mtu asiwe na babu. Lataka tu kwamba siku ya mchezo, mtu yule akimkuta binamu yake mbele yake, ampokonye mpira. Wachezaji wa Kenya walitimiza sharti hilo mpaka dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza.

Je, walitunzwa? Hapa nirudie methali yetu. Nafasi ya nne duniani ni mafanikio ambayo timu ya Kenya ya mpira wa miguu haijayakaribia. Lakini muulize mwanafunzi wa leo, hata wa chuo kikuu, amtaje mchezaji mmoja wa Barcelona, aghalabu atanyamaza. Majina ya Kipchoge Keino na Naftali Temu, waliopata dhahabu Mexico mwaka 1968, anayo ulimini kama jina la mjomba wake. Majina ya watu wa magongo yamebaki katika kumbukumbu za vilabu na za familia, na nyingi ya familia hizo ziko London, Toronto na Vancouver.

Baada ya Barcelona timu ilishuka kwa kasi. Mwaka 1972 Munich ilikuwa ya 13. Mwaka 1973 katika Kombe la Dunia huko Uholanzi ilikuwa ya mwisho kati ya timu 12. Mwaka 1976 Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia Michezo ya Montreal kwa sababu ya uhusiano wa New Zealand na Afrika Kusini ya kibaguzi, na mwaka 1980 haikwenda Moscow. Ilirudi mwaka 1984 Los Angeles ikawa ya 9. Mwaka 1987 ilitwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika nyumbani Nairobi, na kwa Seoul mwaka 1988 ilimaliza ya 12, yaani ya mwisho. Tangu hapo timu ya wanaume ya Kenya haijaonekana tena katika Olimpiki.

Wajuzi hutaja sababu mbili. Ya kwanza ni kuondoka kwa wachezaji. Ya pili ni zulia. Tangu Michezo ya Montreal mwaka 1976 magongo ya Olimpiki huchezwa juu ya nyasi za bandia, na badiliko hilo liliugeuza mchezo wote. Katika nyasi za kweli mpira huruka na kupinda, na mwenye mkono mwepesi humlaghai mwenye kifua kipana. Juu ya zulia mpira huteleza sawasawa, na ushindi huelekea kwa mwenye mbio, nguvu na mpango. Tena zulia ni ghali, nalo hutaka maji. Nchi tajiri ziliyatandika kwa makumi, hata katika miji midogo. Kenya kwa miaka mingi ilitegemea lile la City Park, Nairobi. India yenyewe, mama wa dhahabu zote zile, ilianguka mpaka nafasi ya 7 huko Montreal. Basi sababu ya zulia ni ya kweli, wala siikatai.

Hata hivyo haitoshi. India ilianguka, lakini haikusahau. Mtoto wa India anamjua Dhyan Chand. Siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 29 Agosti, ni siku ya michezo ya taifa zima. Zulia huweza kueleza kwa nini timu hufungwa. Haliwezi kueleza kwa nini watu hawakumbuki siku ilipokuwa haifungwi. Kwa hilo yatupasa kutafuta sababu nyingine.

Rahisi ingekuwa kusema kwamba Wakenya Waafrika hawakuweza kumpenda shujaa mwenye kilemba. Lakini historia yenyewe yakanusha neno hilo. Katika miaka ile ile Joginder Singh, Singasinga wa Kenya, alishinda mashindano ya magari ya Safari mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Watu walimwita Simba. Wakulima waliacha majembe wakasimama kando ya njia, watoto wa shule wakakaa juu ya miti, na vumbi la gari lake lilipopita walishangilia kana kwamba kila mmoja alikuwa ndani ya gari lile. Huyo alitunzwa hasa, tena bila ya mtu kumwuliza pasi yake. Tofauti yake na akina Sohal ilikuwa wapi? Kilemba ni kile kile, na jina ni lile lile la Singh.

Tofauti, kwa maoni yangu, ni njia. Gari la Safari lilipita mlangoni mwa watu. Lilivuka mito yao, likakwama katika matope yao, likasukumwa kwa mikono yao. Magongo yalichezwa nyuma ya ukuta wa klabu, na ukuta ule ulikuwa na historia pande zote mbili. Mkoloni aliujenga ili kila jamii ikae peke yake. Jamii zenyewe zilijizoeza kukaa ndani yake, na zikachelewa kumfungulia mlango kijana wa Kiafrika aliyetaka kushika gongo. Na baada ya uhuru Serikali, iliyoweza kulipeleka gongo katika kila shule ya sekondari, ililiacha pale lilipolikuta. Mpaka timu za 1984 na 1988, zilizokuwa na Waafrika wengi, zilipoonekana, kizazi kizima kilikuwa kimepita. Kwa hiyo simlaumu mtazamaji ambaye hakutunza. Hakuna atunzaye ngoma ambayo hakuisikia.

Majirani zetu nao wana habari za namna hii. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Wahindi wa Uganda katika siku 90. Mwishoni mwa mwezi huo huo timu ya magongo ya Uganda, ambayo miongoni mwa wachezaji wake walikuwamo Wahindi wengi, iliingia uwanjani Munich. Watu hao waliitetea bendera ya nchi ambayo mtawala wake alikuwa amekwisha kuwaandikia jamii yao siku ya kuondoka. Tanzania ilikwenda Moscow mwaka 1980, wakati nchi nyingi ziliposusia, ikafungwa na India mabao 18 kwa bila na kumaliza ya mwisho kati ya sita. Mabao 18 ni mengi, lakini naona heshima katika kwenda, maana anayekwenda kufungwa kwa jina la nchi yake naye ameitumikia. Katika Michezo hiyo hiyo wanawake wa Zimbabwe walitwaa dhahabu ya magongo, miezi michache baada ya uhuru wa Aprili 1980. Nao wote walikuwa Wazungu. Nchi mpya ya Waafrika iliwakilishwa na mabinti wa wale waliotawala jana. Zimbabwe iliikubali dhahabu ile, na ilifanya vema. Lakini swali la nani ni nani halikuyeyuka kwa sababu ya medali.

Na liko jambo moja la kumaliza hoja hii. Mwaka 1988 huko Seoul, pale pale Kenya ilipokuwa ya mwisho, Uingereza ilitwaa dhahabu kwa kuifunga Ujerumani Magharibi mabao 3 kwa 1. Mabao mawili kati ya hayo yalifungwa na Imran Sherwani, mwana wa mhamiaji kutoka Pakistan. Katika timu ile alikuwamo pia Kulbir Bhaura, aliyezaliwa Jalandhar, mji ule ule ulio karibu na kijiji cha Sansarpur. Nchi ambayo mwaka 1968 ilifunga mlango kwa haraka, miaka 20 baadaye ilishangilia mabao ya wana wa waliopita mlangoni kabla haujafungwa. Sisemi hivi kuisifu Uingereza. Sheria ya 1968 yabaki kuwa aibu yake. Nasema ili tuone kwamba taifa lolote laweza kubadili maana ya neno kwetu, na kwamba lisipolibadilisha kwa hiari hulazimishwa na siku.

Katika lugha yetu neno taifa limezoeleka sana, hata hatulichunguzi. Hulitamka kana kwamba ni kitu kilichokwisha kujengwa, kama nyumba. Mimi naliona kuwa kama ngoma: lipo wakati lichezwapo. Lataka wachezaji, nalo lataka watunzaji. Likikosa wa kwanza hakuna mchezo, likikosa wa pili mchezo haukumbukwi. Kenya ya mwaka 1971 ilikuwa na wachezaji wa kushinda dunia. Watunzaji ndio waliokosekana, na kosa hilo laweza kurekebishwa hata sasa, maana kutunza hakuna mwisho wa muda. Mwanahistoria hutunza kwa kuandika.

Kazi hiyo ni yetu sisi tulio vyuoni. Yafaa majina ya timu za 1956 mpaka 1971 yaandikwe kwa Kiswahili, katika vitabu vitakavyosomwa na watoto wa Kiambu na Kisumu na Kilifi, pamoja na majina ya Kiprugut na Keino, si chini yake wala si katika sura ya peke yake iitwayo Wahindi. Yafaa wazee wa vilabu wahojiwe kabla hawajatutoka, huko Nairobi na huko ng'ambo walikotawanyika. Na mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo asiwaulize kwanza, kama karani wa uhamiaji, walitoka wapi. Na awaulize waliichezea nchi gani. Jibu analijua, kwa sababu liliandikwa vifuani mwao.